LPO Ninayo, Pesa Sina

Swali: Nina duka Malindi. Niliiuzia idara ya kaunti karatasi na wino kwa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa. Mwaka umepita, sijalipwa. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, mwandikie afisa mkuu wa idara ukidai deni, nakala kwa hazina ya kaunti kule Kilifi, na nakala yako igongwe muhuri. Hakikisha deni limo katika orodha ya malimbikizo ya madeni ya kaunti. Lisipokuwamo, ni kama halipo. Dai na riba: kifungu cha 140 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinaitambua. Mahakamani waweza kushinda, ila dalali haruhusiwi kukamata mali ya serikali. Utarudi kuomba amri ya kumlazimisha afisa alipe. (Wakili naye hakopeshi.) Hadi ulipwe, usipeleke mzigo mwingine.