Kuzungusha Safu Kuelekea Kibla kwa Kamba na Vigingi



Ndugu msomaji, chumba chetu cha kuswalia hapa Bwera zamani kilikuwa duka. Ukuta wake wa mbele unatazama kaskazini, nasi tukatandika mikeka sambamba nao na kuswali hivyo muhula mzima. Mgeni kutoka Mombasa hakuona kasoro. Kwao ni sawa, maana Mombasa na Makka zinakaribia kuwa kwenye longitudo moja. Sisi tuko magharibi ya Makka kwa nyuzi 10 hivi. Kibla chetu kimeinama nyuzi 24 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Kasese mjini ni 23 na nusu.

Je, tofauti hiyo ina uzito? Wanazuoni wengi wanasema aliye mbali inamtosha kuielekea jiha ya Al-Kaaba. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, na ndio wengi wetu, ni kuikusudia Al-Kaaba yenyewe kwa kadiri ya dhana. Kwa vyovyote, aliyekwisha kujua hana udhuru wa kuacha mkeka ulivyo. Kuhusu swala zilizopita, mwenye rula anyamaze, aulizwe sheikh.

Kwanza tafuta kaskazini. Simamisha kijiti wima mahali tambarare pa wazi, uchore duara kukizunguka kwa kamba. Asubuhi tia alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara, na alasiri pale inapotoka. Kwa kamba ndefu zaidi, piga tao kutoka kila alama. Mstari unaopita kwenye makutano ya matao ndio kaskazini na kusini. Waislamu wa kale waliiita njia hii duara ya Kihindi. Ila sisi tuko karibu na ikweta: mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, Desemba kaskazini. Usikifuate kivuli, tazama jua lilikochomoza, liwe mkono wako wa kulia, na mbele yako ni kaskazini.

Sasa pembe. Nyuzi 24 hazihitaji kipimapembe. Kwenye ikweta, tanjiti ya pembe ya Kibla ni saini ya tofauti ya longitudo ikigawanywa kwa tanjiti ya latitudo ya Makka. Kwetu ni 0.174 kwa 0.392, yaani karibu 4 kwa 9. Basi pima kamba 9 kwenda kaskazini, kisha, kwa pembemraba, kamba 4 kwenda mashariki. Unganisha mwanzo na mwisho.

Kuzungusha ndiko kulikotutia aibu. Mkeka mzima hauna haja ya kuzungushwa kona kwa kona: umbo linapozunguka, kila mstari wake hugeuka kwa pembe ile ile, kwa hiyo ukigeuza safu moja, nyingine utazichora sambamba nayo. Shika kamba kwenye kilele cha pembe uliyochora, piga tao likate mikono yake miwili, upime kwa kamba nyingine umbali kati ya mikato. Bila kubadili kamba ya kwanza, nenda kona ya mbele kushoto, piga tao kuanzia safu ya zamani, kisha hamisha umbali ule juu ya tao. Unganisha kona na alama mpya.

Lakini upande gani? Sisi mara ya kwanza tuligeuza kinyume, mkono wa kushoto ukarudi nyuma. Kosa la nyuzi 24 likawa 48, tukaswali Isha tukielekea Libya! Mkono wa kulia ndio unaorudi nyuma. Ndiyo maana tulichagua kona ya kushoto: safu haigongi ukuta wa mbele. Chumba chetu kina upana wa mita 6, kwa hiyo upande wa kulia safu ilirudi mita 2 na sentimita 67. Pembetatu iliyobaki mbele tumeweka kabati la misahafu. Ndugu wawili watatu walilalamika kwamba nafasi imepungua, na kweli imepungua.

Ukitaka kuhakiki, ngoja tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, au 16 Julai saa sita na dakika 27, saa za Afrika Mashariki. Wakati huo jua huwa juu ya Makka. Simamisha kijiti nje. Kivuli kitaangukia upande ulio kinyume kabisa na Kibla. Sisi Mei kulikuwa na mawingu. Tunasubiri Julai, inshaallah.