Je, Mungu ana kusudi na utingo?

Swali: Mchungaji, mimi ni utingo wa malori hapa Tunduma. Tukiwa foleni ya kuvukia Nakonde, watu hutuona wahuni tu. Je, Mungu ana kusudi na mtu kama mimi?

Jibu: Ndiyo, mwanangu. Katika Misri na Babeli za kale, aliyesifiwa kuwa mfano wa mungu alikuwa mfalme. Mwanzo 1:27 inampa heshima hiyo kila mwanadamu, mume kwa mke, kabla hajapata cheo wala mshahara. Dharau ya watu haiwezi kuiondoa.

Kusudi nalo halikusubiri upate ofisi. Adamu alipewa bustani ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia. Yesu aliitwa seremala (Marko 6:3), Paulo alishona mahema (Matendo 18:3). Waefeso 2:10 inafundisha kwamba tuliumbwa tutende mema. Kwako wewe, hayo ni kulinda mzigo kwa uaminifu, kukataa magendo, kumlipa mama lishe haki yake, na kutomgeuza binti wa watu chombo cha starehe. Hao nao wana sura ileile ya Mungu. Na tajiri akikudhulumu posho, ajue kwa Mithali 14:31 kwamba anamtukana Muumba wako.