Injini ya Mashine ya Kusaga Inapochemsha na Kuzimika

Likawage ni mahali pa bara katika Wilaya ya Kilwa, mbali na bahari na mbali na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Katika kijiji cha namna hiyo, ikiwa mashine ya kusaga huendeshwa kwa injini ya dizeli, kuzimika kwake kila baada ya nusu saa si jambo dogo: mahindi hurudi nyumbani bila kusagwa, au hurudi kwenye kinu. Mara nyingi lawama huangukia pipa la maji, na mwenye mashine hutafuta pipa kubwa zaidi. Kabla ya kutumia fedha, yafaa afanye hesabu.

Injini nyingi za aina hii hupozwa bila pampu. Maji yaliyopata moto ndani ya injini huwa mepesi, hupanda kwa bomba la juu na kuingia katika pipa. Maji baridi, yaliyo mazito, hushuka na kurudi kwa bomba la chini. Huu ndio myuko unaofundishwa darasani. Sasa, injini ya nguvu farasi 6, yaani takriban kilowati 4.5, hutoa katika maji joto linalokaribia kazi inayofanya, nalo ni kilojuli 4.5 kila sekunde. Pipa la lita 200 huhitaji kilojuli 840 ili maji yake yapande nyuzi 1 ya Sentigredi. Hizo ni dakika tatu hivi. Katika nusu saa, basi, maji yote hupanda nyuzi 10 tu! Injini inayozimika kwa muda huo haikosi maji. Joto lake halifiki katika maji, au maji yenyewe hayazunguki.

Mkono hutosha kupambanua, mradi uguse pipa na bomba kwa uangalifu, wala usifungue kifuniko chenye mvuke. Bomba la juu likiwa la moto mno na pipa likiwa baridi, mzunguko umekatika. Sababu ya kawaida ni hii: maji yamepungua yakawa chini ya mdomo wa bomba la juu. Pipa laweza kuonekana limejaa, kumbe pengo la vidole viwili limesimamisha mzunguko wote. Mapovu yakitoka mfululizo pipani mara injini iwashwapo, maji yakiwa bado baridi, gasketi ya silinda hedi inavuja.

Lakini kama mabomba na pipa ni vuguvugu tu, huku injini ikiunguza, ashukiwe ukoko. Ardhi ya Kilwa ina mawe ya chokaa na jasi, na maji ya kisima yapitayo katika miamba hiyo hubeba madini yake. Maji yapatapo moto, bikaboneti ya kalsiamu huvunjika, ikabaki kaboneti iliyoganda juu ya chuma, kama ukoko katika birika la chai. Unene wa milimita 1 huzuia joto sawa na bamba la chuma la milimita 20 au zaidi. Pistoni, ambayo katika injini nyingi ni ya alumini, hutanuka karibu maradufu ya silinda ya chuma. Nafasi baina yao, iliyo sehemu ndogo ya milimita, huisha. Pistoni hubana, na injini husimama. Anayemwaga maji baridi ndani yake wakati huo huweza kupasua silinda hedi.

Hapa pana desturi inayodhuru ingawa huonekana ya busara, nayo ni kubadili maji kila siku. Maji yaliyokwisha kuchemka yameacha madini yake. Maji mapya ya kisima huleta mengine. Ni heri kuyabakiza yale yale, na kufidia yanayopotea kwa mvuke kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kipande cha ukoko huo, wakisage na kukitonea maji ya ndimu. Kikitoa povu, gesi hiyo ni kabonidayoksaidi, na ukoko ni wa chokaa. Asidi hafifu itautoa, kisha injini isuuzwe vizuri. Kisipotoa povu, huenda ni jasi, ambayo ndimu haiiwezi. Hiyo hukwanguliwa kwa mkono, injini ikiwa imefunguliwa na kupoa kabisa.