Cha Bure Hulipwa na Nani?

Watu wengi husema Facebook ni ya bure, kwa kuwa huingia humo pasipo kutoa senti. Tuyapime maneno hayo. Kampuni yenye Facebook, Meta, ilipata zaidi ya dola bilioni 130 katika mwaka 2023, na zaidi ya asilimia 95 ya fedha hizo zilitoka kwa wenye matangazo. Nao hununua nini? Hununua macho yetu. Kadiri tukaavyo mbele ya kioo cha simu, ndivyo matangazo yaonekanavyo, na ndivyo kampuni ipatavyo. Ndiyo sababu ukurasa wake hauna mwisho. Mwisho huo hatuna budi kuuweka sisi wenyewe.

Kusema hivi si kukilaani chombo. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki Italia mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15, aliijua kompyuta barabara, akatengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Lakini michezo ya kompyuta alijipimia saa moja tu kwa juma. Alikuwa bwana wa chombo, wala si mtumwa wake.

Basi, enyi wazazi, twawasihi mweke kipimo nyumbani: saa ya chakula na saa ya Rozari simu zote ziwekwe kando, ya baba ikitangulia. Mtoto hufuata atendalo mzazi kuliko asemalo. Fedha iliyopotea yaweza kutafutwa tena. Jioni ya watoto wetu ikiisha kupita, hairudi.