Kiu na Makali ya Maumivu

Maumivu ni tarishi wa mwili. Yafikapo ubongoni hutoa habari kwamba kuna mahali panapodhurika. Lakini ukali wa habari hiyo hautegemei jeraha peke yake. Mwiba ule ule, katika mguu wa mtu yule yule, huweza kuuma leo kuliko jana. Miongoni mwa mambo yabadilishayo makali hayo limo moja ambalo kila mtu hulijua, nalo ni kiu.

Maji ya mwili yapunguapo, chumvi iliyomo katika damu hukolea. Ongezeko la asilimia 1 au 2 tu ya ukolezi huo latosha kuamsha kiu. Seli maalumu zilizomo ndani ya ubongo hulihisi badiliko hilo, homoni ya vasopresini huingia katika damu, figo huzuia maji yasipotee, na mtu hutamani kunywa.

Mwaka 2006 wachunguzi wa Melbourne, Australia, walitangaza jaribio lililofanywa kwa watu wenye afya njema. Watu hao walitiwa maji ya chumvi kali mshipani hadi wakaona kiu, kisha kidole gumba kikabanwa kwa shinikizo lililopimwa. Shinikizo lile lile liliwauma zaidi walipokuwa na kiu. Ifahamike kwamba kidole hakikuumizwa zaidi. Picha za ubongo zilionyesha sehemu za mbele zilizochangamka pale kiu na maumivu vilipokutana, na badiliko linaelekea kuwa humo. Mwaka 2016 wachunguzi wa New Zealand walitumia njia iliyo karibu zaidi na maisha ya kawaida: wanaume walizuiwa vinywaji kwa muda wa saa 24, nao pia wakawa wepesi zaidi wa kuhisi maumivu.

Je, tendo lenyewe la kunywa lina nguvu yoyote? Huko Chicago, mwaka 2009, ilionekana kwamba panya waliokuwa wakinywa maji au kula chokoleti walichelewa kuinua mguu ulipopashwa joto kwa taa. Kiini kimoja cha shina la ubongo kilipozimwa kwa dawa, ucheleweshaji huo ulitoweka. Maelezo yaliyotolewa yana mantiki: mnyama aliyefika kisimani hana faida ya kukatizwa na kila usumbufu mdogo.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba bilauri ya maji ni dawa ya jino bovu. Majaribio haya yalihusu maumivu ya muda mfupi, yaliyopimwa maabarani. Mwenye maumivu ya miezi mingi ni suala jingine. Tena mgonjwa wa figo au wa moyo aliyewekewa kiasi cha maji na daktari wake hana budi kukifuata.

Upo ugonjwa mmoja ambamo maji hugusa chanzo chenyewe cha maumivu, wala si hisia peke yake, nao ni selimundu, ulioenea sana katika Afrika ya Mashariki. Seli nyekundu ikipungukiwa na maji, hemoglobini yake yenye kasoro husongamana, hushikamana na kuipinda seli kama mundu. Seli hizo huziba vijishipa, na mifupa huanza kuuma. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu, chupa ya maji shuleni ni sehemu ya matibabu, na mwalimu amkatazaye kunywa wakati wa kipindi humweka hatarini bila kujua.