Fimbo za Kupandia Kilimanjaro: Uchague Zipi?

Kila mwaka, Sikukuu ya Uhuru inapokaribia, Watanzania hujiandikisha kupanda Kilimanjaro, na maswali juu ya vifaa huwa mengi. Viatu na koti la baridi hakuna anayevisahau. Fimbo ndizo zinazodharauliwa, hasa na vijana wanaodhani ni za wazee au za watalii. Majibu haya ni kwa anayepanda mara ya kwanza, awe ananunua au anakodi Moshi.

Je, fimbo ni lazima?

Hakuna anayekulazimisha. Ila ujue kwamba kazi yake kubwa si wakati wa kupanda, ni wakati wa kushuka. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka unateremka zaidi ya mita 4,000, na sehemu kubwa ya safari hiyo unaifanya siku ileile uliyofika kileleni. Juu, kati ya Stella Point na kambi ya Barafu, ni changarawe inayokimbia chini ya kiatu. Chini, ndani ya msitu, ni ngazi na utelezi, na Desemba mvua za vuli huwa bado hazijakauka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima watu wakishuka mteremko, ukaona fimbo mbili zinapunguza mzigo unaoangukia goti kwa asilimia 12 hadi 25. Kwa mtu aliyeanza kutembea usiku wa manane, nafuu hiyo ni kubwa mno kuachwa kambini.

Alumini au kaboni?

Kaboni ni nyepesi, na mkono huisikia tofauti hiyo baada ya saa kadhaa. Lakini ikibanwa kati ya mawe ukaielemea kwa ubavu, hukatika ghafla, na fimbo iliyokatika hapo imekwisha kazi. Alumini hupinda kwanza. Mara nyingi unaweza kuinyoosha kiasi ukamalizia safari. Kwa mlima wenye mawe kama huu, na kwa mfuko wa wengi wetu, chukua alumini.

Mbona nyingine zinajifupisha zenyewe?

Hapa ndipo pa kuangalia kuliko pote. Fimbo nyingi zina vipande viwili au vitatu vinavyoingiana, na kuna njia mbili za kuvikaza. Ya kwanza ni kuzungusha kipande ndani ya kingine. Ikiingia maji au vumbi, huteleza, na kuizungusha ukiwa na glavu nene kwenye baridi ya usiku wa kilele ni tabu tupu. Ya pili ni klipu ya nje inayobanwa kwa kidole. Hii hufungwa hata na glavu, na ikilegea, kwa kawaida kuna skrubu ndogo pembeni ya kuikaza. Nisingemshauri mtu yeyote akodi za kuzungusha kama za klipu zipo.

Urefu gani unafaa?

Simama umevaa viatu vya safari, ncha ikiwa chini: kiwiko kikunjike pembe mraba. Mwenye urefu wa sentimita 170 huangukia karibu na 115. Ukipanda mwinuko mkali punguza sentimita 5 hadi 10. Ukishuka ongeza kiasi hichohicho. Mkanda wa kishikio pitisha mkono kutokea chini kwenda juu, kisha shika mkanda pamoja na mpini, ili uzito ubebwe na kifundo cha mkono badala ya vidole. Kwenye mawe uvue, fimbo ikinasa isikuvunje mkono. Ukifika ukuta wa Barranco, zikunje kabisa uzifunge kwenye begi. Pale utahitaji mikono yote miwili kushika jabali.

Fimbo ya mti je?

Ya nyumbani inafaa, ingawa huwezi kuirefusha wala kuifupisha. Usikate mti hifadhini, ni kosa.

Hizihizi zinafaa kwa uwindaji?

Kwa kutembea, ndiyo, ila visha ncha kofia ya mpira, maana chuma kikigonga jiwe mnyama husikia kutoka mbali. Kwa kuegemezea bunduki, hapana. Wawindaji wenye leseni katika vitalu vya Tanzania hutumia fimbo maalumu, mara nyingi za miguu mitatu, zinazotulia kuliko mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba. Risasi iliyotikisika humwacha mnyama na jeraha, naye hufa polepole porini. Nchini Kenya swali hili halipo, kwani uwindaji wa aina hii ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Anayekuja kwa ndege aziweke kwenye begi la mzigo, si la mkononi. Na anayekodi, kabla hujalipa, zirefushe, zikaze, kisha zielemee kwa uzito wako wote hapohapo dukani. Ikishuka hata kidogo, irudishe udai nyingine.