Somo la Ajira: Kuomba Kazi ya Uhadhiri wa Sayansi ya Kompyuta

Kila tangazo la kazi linalotaja Konza linapotoka gazetini, hapa ofisini tunaanza kupokea bahasha za kaki. Ndani mna nakala za vyeti na ombi: kaunti imfikishie mwombaji barua yake, au imwandikie ya kumtambulisha. Wengi ni vijana wa Malili na wazazi wao.

Tuwaambie ukweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vikuu mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti ilipewa elimu ya chekechea na vyuo vya mafunzo ya ufundi. Mhadhiri huajiriwa na chuo chenyewe, na barua ya diwani haimwongezei mwombaji alama hata moja. Bahasha ikiachwa kwetu, tarehe ya mwisho inapita ikiwa mezani.

Hata hivyo, hamu hiyo ina msingi. Kwenye ekari 5,000 za iliyokuwa Malili Ranch, ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa Konza Januari 2013, sasa kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Agosti 2023. Miongoni mwa kozi zake ni sayansi ya data na usalama wa mitandao. Papo hapo Konza imepangiwa Kenya-AIST, taasisi ya masomo ya juu ya sayansi na teknolojia inayofuata mfano wa KAIST ya Korea Kusini. Aliyesoma kompyuta anaweza kuota kufundisha karibu na kwao bila kuonekana anaota mchana.

Jambo la kwanza ni kujua ngazi yako. Kwa vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), mhadhiri kwa kawaida anatakiwa awe na shahada ya uzamifu. Mwenye uzamili huingilia ngazi ya mhadhiri msaidizi, akiwa amesajiliwa kusomea uzamifu. Shahada ya kwanza pekee, hata iwe ya daraja la juu, haitoshi kwa uhadhiri. Kama ulisomea India au Uganda, shahada yako itahitaji kutambuliwa na CUE, na shughuli hiyo huchukua muda. Ianze leo, wakati hakuna tangazo.

Pili ni machapisho, na hapa ndipo wataalamu wa kompyuta hujikwaa. Katika fani hii watafiti wengi duniani huwasilisha kazi zao kwenye mikutano, lakini vyuo vyetu huyapa uzito mkubwa majarida yanayokaguliwa na wataalamu. Ukiwa na makala ya mkutano, ipanue, ongeza majaribio, uipeleke kwenye jarida. Jihadhari na majarida yanayokudai ada leo na kukuchapisha wiki ijayo bila mtu kuisoma kazi yako. Jopo likiyatambua, hata makala zako nzuri zitatiliwa shaka.

Barua ya maombi isizidi kurasa mbili. Anza na nambari ya kumbukumbu ya tangazo, kisha taja kozi unazoweza kufundisha kwa majina yake: miundo ya data, mifumo ya uendeshaji, mitandao. Kuandika kwamba "unaweza kufundisha somo lolote la kompyuta" hakumsaidii mkuu wa idara anayetafuta mtu wa kujaza pengo fulani. Umefundisha kwa muda vyuoni? Taja kozi, muhula na idadi ya wanafunzi. Programu ulizounda nazo zina thamani, hasa kama kuna watu wanaozitumia.

Warejelewa watatu waarifiwe mapema. Vyuo vingi hutaka barua zao ziende moja kwa moja chuoni, na profesa aliyepigiwa simu siku mbili kabla ya mwisho huandika mistari minne tu.

Kuhusu vyeti vya DCI, HELB, KRA na EACC, marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Ajira yanamzuia mwajiri kuvidai kabla hajakusudia kukupa mkataba. Matangazo mengine bado huvidai. Sheria iko upande wako, lakini ushauri wetu ni huu: tangazo likivitaja, viambatishe, usipoteze nafasi kwa kubishana.

Ukiitwa kwenye usaili, huenda ukaombwa kufundisha mbele ya jopo. Chagua mada moja ndogo na uimalize. Atakayekupigia simu akidai "pesa ya kuharakisha faili" ni tapeli, mripoti polisi.

Walioacha bahasha zao nasi wanaombwa wazichukue wiki hii, wazipeleke wenyewe kwenye anwani iliyo katika tangazo.